Rome: Total War: maswali wanayouliza sana wachezaji wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa gemu ya Rome: Total War iliyotengenezwa na Creative Assembly na kutoka 2004, pamoja na toleo lake la simu na lile lililofanyiwa ukarabati na Feral Interactive mwaka 2021. Mbinu za vita ni zile zile kwa matoleo yote; penye tofauti nitasema. Maswali yametoka kwa watu wa Mjini, Jang'ombe, Fuoni, Wete na Chake. Mengine yameulizwa mpaka nikachoka kuyajibu kwenye simu moja moja. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali la jeshi linalokimbia. Ukilielewa hilo, mengi yaliyobaki utayavumbua mwenyewe.

Sina kompyuta, nina simu tu. Nitaweza?

Utaweza. Toleo la iPad lilitoka 2016, la iPhone na Android yakafuata 2018, na ni kampeni nzima, yaani mchezo wote wa kushika miji na kupigana vita kwenye ramani. Ukishalipakua, kampeni inachezeka bila intaneti, kwa hiyo bando litakuuma siku moja tu. Taabu ya simu ni kidole: kinaziba nusu ya kikosi unachotaka kukiamrisha. Dawa yake ni kusimamisha vita. Simamisha, toa amri zako zote kwa raha, kisha achia viendelee. Hata wenye kompyuta wafanye hivyo hivyo. Wapo wanaosema huo ni uoga. Waache washindwe kishujaa.

Nianze na nani?

Anza na Julii. Warumi kwenye gemu wamegawika koo tatu: Julii wenye rangi nyekundu, Brutii wa kijani, na Scipii wa buluu, na juu yao wote kuna Seneti iliyokaa Roma. Julii wanashika Arretium na Ariminum upande wa kaskazini, na jirani zao ni Wagauli: watu wengi, sauti kubwa, moyo mwepesi. Kwa mwanafunzi huyo ndiye adui mzuri, kwa sababu ukimfanyia jambo sahihi unaona matunda yake papo hapo.

Brutii ni watamu kwa fedha. Wanavuka bahari na kuingia Ugiriki penye miji tajiri, ila huko watakutana na safu za mikuki mirefu ambazo zitamtoa machozi mtu asiyejua kuzizunguka. Scipii wako Capua na Messana, na Sicilia inawachemkia mapema: Wagiriki wako Syracuse, Wakarthago wako Lilybaeum, na wewe umekaa baina yao. Binafsi nawapenda hao kuliko wote, lakini si kwa kampeni ya kwanza.

Kabla hujabonyeza kuanza, tafuta kisanduku kinachokuruhusu kusimamia miji yote, hata isiyokuwa na gavana, ukiteue. Ukikiacha, miji isiyo na gavana itajiendesha yenyewe, kisha utauliza fedha zimekwenda wapi.

Kaka, kwa nini jeshi langu linakimbia wakati bado tuko wengi kuliko adui?

Hili ndilo swali. Jibu lake ni kuwa gemu hii haianzi kwa kuhesabu maiti, inaanza kwa kuhesabu moyo. Kila kikosi kina ari yake, na ari hiyo inapanda na kushuka kila sekunde. Kikosi cha watu themanini kinaweza kutimua mbio kikiwa kimepoteza kumi tu, na kikosi cha watu ishirini kinaweza kusimama mpaka wa mwisho.

Ari inashushwa na kupigwa ubavuni, na zaidi mgongoni. Inashushwa na kumuona jirani akikimbia, ndiyo maana safu nzima huporomoka kwa mara moja ingawa ni kikosi kimoja tu kilichoanza. Inashushwa na uchovu, na mishale ya moto, na kuwaona tembo au magari ya farasi yanakuja. Kifo cha jemadari ndicho pigo kubwa kuliko yote. Upande wa pili, ari inapandishwa na jemadari aliye karibu, na uzoefu wa vita vilivyopita, na kuwa na wenzako kulia na kushoto.

Mengi ya haya unaweza kuyaona. Weka kipanya juu ya kikosi, au kishike kwa kidole, utasoma hali yake. Bendera ikianza kumeta nyeupe, kikosi kimeyumba na kinatafuta sababu ya kuondoka. Ikiwa ni chako, kipelekee jemadari. Ikiwa ni cha adui, kipelekee hiyo sababu: farasi mgongoni, hata kikosi kimoja.

Kwa hiyo usiwe na tamaa ya kuwaua waliosimama. Kuua mtu aliyesimama na ngao yake ni kazi ndefu na ya gharama. Wavunje moyo kwanza, wageuze migongo, halafu farasi wako wawafuate. Angalia hesabu baada ya vita utaona kuwa wengi wamekufa wakikimbia. Ndivyo ilivyokuwa hata katika vita vya kweli vya zamani: pande mbili zilisukumana muda mrefu kwa hasara ndogo, kisha upande mmoja ukavunjika, na mauaji yakaanza hapo.

Mfano mkubwa ni Cannae, mwaka 216 K.K. Hannibal, jemadari wa Karthago, alikuwa na watu wachache kuliko Warumi. Katikati aliweka askari wa Gauli na Hispania, wakarudi nyuma pole pole huku Warumi wakiwafuata na kujibana. Pembeni kulikuwa na askari wake wa miguu kutoka Afrika, ambao waligeuka ndani na kubana mbavu. Farasi wake, waliokwisha kuwafukuza farasi wa Kirumi, wakarudi kufunga mgongoni. Jeshi kubwa kabisa ambalo Roma ilikuwa haijawahi kulitoa kabla likaangamia kwa siku moja. Kwenye gemu huna haja ya kuicheza Cannae yote. Chukua nusu yake tu: safu inayoshika mbele, na farasi wanaotokea nyuma. Nusu hiyo itakushindia vita vingi mno.

Basi safu nizipange vipi?

Jeshi moja huchukua vikosi visivyozidi 20. Kwa Warumi wa mwanzo, mimi napanga hastati (askari wa panga) mbele, principes (wa panga walio bora zaidi) nyuma yao kidogo, triarii (watu wa mikuki) kwenye ncha mbili za safu, velites (warusha mikuki wepesi) mbele ya wote, na farasi pembeni, mbali kidogo na safu ili adui asiwakute haraka. Jemadari anakaa nyuma ya katikati, karibu na watu, si ndani ya vumbi.

Hastati wanakaa mbele kwa sababu wanarusha mikuki kabla ya kugusana na adui. Hakikisha ile amri ya kurusha kwa hiari imewashwa, kwani mvua ile ya kwanza ya mikuki ndiyo inayomfikisha adui kwako akiwa keshatetereka. Triarii wana mikuki mirefu ya kuzuia farasi. Watu wengi huwaweka nyuma kabisa kwa kufuata vitabu vya historia, halafu vita vinakwisha hawajapiga hata pigo moja. Ubavu ndio mahali pao.

Tafuta mwinuko, hata mdogo. Kisha ngoja. Usiwakimbize watu kutoka mwisho wa uwanja, maana wakifika wamekwisha kuchoka na ari imekwisha kushuka kabla ya upanga wa kwanza. Tembea, simama, waache waje wao.

Wazee wanaocheza bao hapa Unguja watanielewa kwa hili: mtu haliwi nyumba kwa kuwa kete zake ni chache, huliwa kwa kuwa alikuwa akitazama upande mwengine wa ubao. Kazi ya safu yako ya mbele ni kumtazamisha adui huko.

Farasi wangu wanakufa wote. Nawakosea nini?

Unawaacha wapigane. Nguvu ya farasi iko kwenye mgongano, ile sekunde wanapoingia kwa kasi. Baada ya hapo wanasimama, wanazungukwa, na mtu wa mkuki anawamaliza. Waingize kutoka mbali ili wapate mwendo, hesabu kidogo, kisha watoe nje kabisa, wageuze, warudi tena. Inachosha mkono, lakini hakuna njia ya mkato.

Na usiwapeleke uso kwa uso na watu wa mikuki. Kamwe.

Farasi wa adui mara nyingi watakujia wenyewe, na jemadari wa kompyuta ndiye mwenye pupa kuliko wote. Anapenda kuvamia mwanzo mwanzo akiwa na walinzi wake tu. Mwekee triarii njiani, akiwavamia mfunge kwa farasi wako kutoka nyuma. Jemadari akianguka dakika za mwanzo, vita vilivyobaki ni kufagia.

Phalanx (safu ya mikuki mirefu) ya Wagiriki na Wamakedonia inapigwaje?

Haipigwi mbele. Ile mikuki inapolazwa, kila anayeingia kwa uso anachomwa kabla hajafika. Udhaifu wake ni kugeuka: inageuka polepole, na ikigeuka inavurugika.

Simamisha vikosi viwili vitatu mbele yake bila kushambulia, vikiwa kwenye hali ya kulinda mahali. Velites na wapiga mishale waendelee kuisumbua. Wakati huo huo kikosi kimoja cha principes kizunguke mbali, kisitokee karibu, kiingie nyuma. Si lazima kiwe kikubwa.

Warumi walilijua hili kwa damu. Mwaka 197 K.K., huko Cynoscephalae, upande wa kulia wa Wamakedonia ulikuwa unasukuma Warumi kuteremka kilima. Afisa mmoja, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, akachukua manipuli 20 (vikosi vidogo vya Kirumi) kutoka upande uliokuwa unashinda, akazipeleka nyuma ya phalanx. Wamakedonia wakaisha pale pale. Miaka 29 baadaye huko Pydna phalanx ilivunjika tena, safari hii kwa kuingia kwenye ardhi ya mabonde iliyoipasua safu, na Warumi wakapenya kwenye nyufa. Nalo unaweza kulitumia: wavute waje kwenye miti na miteremko.

Ndani ya mji ni jambo jengine. Phalanx iliyoziba njia nyembamba haina ubavu. Zunguka kwa mtaa mwengine, au wape mishale mpaka wapungue, au ngoja njaa. Na ukiwa wewe ndiye unayelinda mji wa Kigiriki, sasa unajua pa kuwaweka watu wako.

Tembo!

Aliyeuliza hili aliandika neno hilo tu, na nilimfahamu.

Tembo wa Karthago wanatisha kwa njia mbili: wanarusha watu hewani, na kule kuonekana kwao tu kunashusha ari. Lakini nao wana moyo. Wakijeruhiwa sana au wakitishwa na moto wanapagawa, na tembo aliyepagawa hajui jeshi lake ni lipi. Kwa hiyo wafungulie mishale ya moto wakiwa bado mbali, velites wakae tayari na mikuki ya kurusha, na usiwawekee safu iliyobanana mbele yao. Scipio, jemadari wa Kirumi, huko Zama, mwaka 202 K.K., alipanga vikosi vyake viache vichochoro, na wengi wa tembo wakapita katikati bila kukutana na mtu wa kumkanyaga. Vita vyenyewe vilimalizwa na farasi wa Scipio, wakiwemo wa Masinissa wa Numidia, waliorudi kutoka kufukuza na kuingia mgongoni mwa Hannibal. Mgongoni tena, unaona.

Ukiwa wewe ndiye mwenye tembo, ipo amri ya kuwaua tembo wako mwenyewe wakipagawa. Itumie bila huruma, kabla hawajarudi kwenye safu zako.

Wale nguruwe wa moto ambao Warumi wanao kwenye gemu si mzaha wa watengenezaji. Waandishi wa zamani wamesimulia kuwa watu wa Megara waliwapaka nguruwe lami, wakawawasha na kuwafukuzia tembo wa mfalme Antigonus. Ukiona vibaya kuwaweka jeshini, mishale inatosha.

Waparthi na Waskithi hawasimami wakapigana. Nawafukuza hawakamatiki.

Usiwafukuze. Ndicho wanachokitaka. Mwaka 53 K.K. jemadari Crassus aliwapeleka Warumi jangwani Carrhae, Waparthi wakawazunguka kwa farasi wakipiga mishale. Kikosi cha mwanawe kilichotoka kuwafukuza kilivutwa mbali na wenzake kikamalizwa. Warumi walitegemea mishale itakwisha. Ngamia walikuwa wanaleta mingine.

Dawa ni wapiga mishale wa miguu, wengi. Kikosi chao kina watu wengi kuliko kikosi cha farasi, na kila shabaha ya farasi ni kubwa. Ukipita Ugiriki, kodi mamluki wa Krete, mishale yao inakwenda mbali. Watandaze askari wako wa miguu wasibanane, na farasi wako waache wajifiche mpaka adui abanwe na pembe ya uwanja. Kuna wanaotegemea ile safu ya kobe ya askari wa baadaye, ya kujifunika kwa ngao. Inazuia mishale kweli, lakini kuzuia hakuvunji moyo wa mtu.

Vita vikiwa kwenye daraja, umepata bahati. Mpiga mishale wa farasi hana pa kuzunguka.

Kuzingira mji kunanimalizia watu. Nifanyeje?

Kwanza tuma jasusi. Si mmoja, watatu au wanne, na uwape zamu (turn) kadhaa wakae ndani. Majasusi wakifungua lango, unaingia zamu hiyo hiyo bila kujenga ngazi wala gogo la kuvunjia. Miji yenye kuta kubwa za mawe nimeona vijana wanapoteza nusu ya jeshi kwenye ngazi wakati majasusi wangewafungulia lango.

Pili, jua kuwa uwanja wa katikati ya mji unavunja kanuni niliyoieleza juu. Walinzi wakifika pale hawakimbii tena, wanapigana mpaka wa mwisho. Kwa hiyo usiwasukume haraka kwenda huko. Wavunje kwenye kuta na mitaani, farasi wawakate kabla hawajafika uwanjani. Waliokwisha kukusanyika pale, wamalizie mishale.

Tatu, njaa. Gemu inakuonesha zamu zilizobaki kabla mji haujasalimu. Mara nyingi mlinzi anatoka nje mwenyewe kabla ya siku hiyo, akiwa hana kuta tena za kumsaidia. Hiyo ni zawadi.

Sina fedha. Kila zamu naona nyekundu.

Punguza majeshi yanayokaa bure. Mshahara wao hulipwa kila zamu hata wakilala. Halafu jenga bandari kabla ya vyote. Biashara ya bahari ndiyo mama wa hazina kwenye gemu hii, na sisi watu wa visiwani sidhani kama tunahitaji kuelezwa kwa nini. Bandari, barabara, soko, kwa mpango huo.

Mwanzo kabisa wa kampeni toa mabalozi wawili na uwatembeze. Kila unayekutana naye mwombe haki ya biashara, na muuzie habari za ramani yako. Kompyuta inanunua ramani kwa bei ambayo utaona haya. Hazina ikifurika nayo ni balaa: magavana wanaokaa juu ya fedha nyingi bila kazi wanaota tabia za rushwa na uvivu, na tabia hizo haziondoki. Zitumie.

Miji ninayoiteka inaasi tena. Naiteka, inaasi, naiteka.

Ukiteka mji unapewa njia tatu: kuukalia tu, kuwachukua watu utumwani, au kuwaua walio wengi. Mji mdogo wa jirani ukalie. Mji mkubwa wa mbali wenye utamaduni mwengine, ukiukalia kwa upole utakuasi baada ya zamu chache, kwa sababu watu ni wengi kuliko askari uliowaacha. Utumwa unapunguza watu pale na kuwahamishia kwenye miji yako yenye magavana. Kuandika neno hilo nikiwa Mjini Unguja si jambo jepesi, kanisa la Mkunazini limesimama palipokuwa soko lenyewe. Lakini swali limeulizwa, na ndivyo Warumi walivyoendesha dola yao.

Baada ya hapo shusha kodi, bomoa hekalu lao ujenge lako, na uweke askari wengi wa bei rahisi. Ulinzi wa mji unahesabu vichwa, si ubora, kwa hiyo wakulima wenye majembe wanatosha. Na ukishavuka bahari, hamishia mji mkuu katikati ya dola yako. Umbali kutoka mji mkuu ni moja ya sababu kubwa za manung'uniko, na wengi hawajui kuwa unahamishika.

Seneti wanataka kiongozi wangu ajiue. Nikubali?

Ukifika hapo umekwisha kupendwa na wananchi kuliko Seneti wanavyoweza kustahamili. Ukikubali unapoteza kiongozi ukajinunulia muda. Ukikataa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza zamu hiyo, na zile koo mbili nyengine zinakuwa adui zako.

Mimi nakataa, lakini nikiwa nimejitayarisha miaka kabla. Jeshi moja kamili liwe hatua chache kutoka Roma, majasusi wawe ndani yake tayari, na miji yako ya Italia iwe na walinzi wa kweli, kwa sababu jirani zako wa jana wako mlangoni. Chukua Roma zamu ya kwanza ukiweza. Kabla ya hapo hakikisha mji mmoja wa Italia umefika watu 24,000 na umejenga ikulu kubwa kuliko zote. Hilo ndilo linaloleta mageuzi ya Marius, yaani aina mpya za askari wa Kirumi, na askari wanaokuja baada yake si wa kulinganishwa na hastati.

Niweke ugumu gani?

Kuna ugumu wa kampeni na ugumu wa vita, na vinawekwa mbali mbali. Kampeni weka ngumu. Vita weka vya kati. Ukipandisha ugumu wa vita, kompyuta haipati akili zaidi, inapewa nguvu na ari za bure, na kila kitu nilichokieleza kuhusu moyo kinapotea ladha.

Umeme ukikatika katikati ya vita?

Vita vimekwenda. Gemu haihifadhi katikati ya pambano, ila kwenye ramani ya kampeni tu. Hifadhi kabla ya kila vita, kwa jina jipya, usiandike juu ya lile la zamani. Waliokumbuka kile kiza cha Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hapa Unguja hawahitaji kusisitiziwa. Wa simu mna nafuu, mna betri.

Ami, shikamoo. Mwalimu wetu wa historia skuli anasema gemu hizi ni uongo. Kweli?

Marahaba mwanangu. Nusu kwa nusu. Misri ya kwenye gemu imevalishwa kama ya mafarao wa kale, wakati kampeni inaanza 270 K.K., na mwaka huo Misri ilitawaliwa na Ptolemy wa Pili, mfalme wa asili ya Kimakedonia aliyepigana kwa phalanx kama wenzake. Hapo mwalimu wako ana haki. Lakini namna vita vilivyoshindwa, kwa safu, ubavu na moyo, imekaribia ukweli.

Muulize naye kuhusu tembo. Ptolemy huyo huyo aliweka kituo kwenye pwani ya Bahari ya Sham, upande wa Sudan ya leo, kwa ajili ya kuwinda tembo wa vita. Mjukuu wake aliwapeleka tembo wa Kiafrika kwenye vita vya Raphia mwaka 217 K.K., wakawaogopa tembo wa Kihindi wa adui yake, mfalme Antiochus, ila vita akashinda kwa askari wa miguu.

Na sisi tuko wapi kwenye ramani?

Hatupo. Ramani inakatika kusini mwa Misri. Mfanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya 1 aliyeandika mwongozo wa safari za bahari hii alitutaja, au alimtaja jirani yetu: kisiwa cha Menuthias, chenye mitepe iliyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo. Wataalamu wamegawika baina ya Pemba, Unguja na Mafia, na Wapemba mimi nimekwisha kuacha kubishana nao.

Tunaweza kucheza kampeni wawili?

Hapana, kampeni ni ya mtu mmoja. Kwenye kompyuta mnaweza kupambana vita kimoja kimoja, lakini kwenye simu hakuna hilo. Wanachofanya wengi ni kukaa wawili mbele ya skrini moja, mmoja anaendesha farasi na mwengine safu, wakigombana.

Kampeni fupi au ndefu?

Fupi kwanza: majimbo 15, na kuna adui uliyetajiwa ambaye lazima aangamie wewe ukiwa bado upo. Ndefu inataka majimbo 50 pamoja na Roma, na muda unakwisha mwaka 14 B.K. kwa zamu mbili kila mwaka, yaani zaidi ya zamu 500. Hutazihitaji zote. Ukiona umefika zamu ya 300 na bado uko Italia, soma tena swali la fedha.